Pesa imetoka M-Pesa lakini kwa akaunti ya beti haionekani: jinsi ya kujua imekwama wapi

Nilikaa kwa duka la M-Pesa pale Kongowea, Mombasa, karibu miaka minne, na Jumamosi mechi zikikaribia kuanza, nusu ya watu waliokuja dirishani hawakuja kuweka wala kutoa, walikuja kulalamika. "Pesa yangu imeliwa." Sasa wakala haoni kitu chochote kuhusu pesa uliyolipa kwa Paybill, yaani ile namba ya kampuni ya kupokelea malipo, hilo wengi hawalijui, wanafikiri ukivaa ile fulana ya kijani basi wewe ni Safaricom. Lakini ukisikiliza malalamiko hayo kila wiki unaishia kujua pesa hupenda kukwama wapi. Na mara nyingi haijaliwa. Ama bado iko kwa simu yako, ama imefika kwa Paybill ya kampuni na kampuni haijui ni ya nani, ama imeingia kwa akaunti yako ya beti na wewe umeitafuta mahali pasipo pake. Naongea ya Kenya na M-Pesa manake ndo niliyoshika kwa mkono. Tanzania mambo yanafanana ila menyu ni nyingine, kule unaambiwa namba ya kampuni na kumbukumbu namba, na M-Pesa yao si yetu hata kama jina ni moja, kwa hivyo usichukue namba ya kule ukaijaribu huku.

Kabla ya kumpigia mtu yeyote fungua meseji za MPESA. Si meseji ya kampuni ya beti, ya MPESA yenyewe. Mwanzoni kuna ile namba ya muamala, herufi na tarakimu kumi zimechanganyika. Ikiwepo, pesa imetoka. Isipokuwepo, hata kama tovuti imekuandikia "imepokelewa" au "imekataliwa" au imezunguka tu, angalia salio lako kwanza kwa *334# au kwa apu, huenda hakuna kilichotoka na unapandisha presha bure.

Umebonyeza Deposit, dirisha la pini halitokei

Hii ndo nyepesi kuliko zote. Lile dirisha linaloruka kwa skrini likikuuliza pini linaitwa STK, na linaenda kwa laini uliyoandika kwa tovuti, si laini unayotumia intaneti. Mtu ana simu ya laini mbili, akaunti ya beti ameifungua na namba ya zamani iliyo kwa kabambe, ile simu ndogo ya vibonyezo, nyumbani, anangoja dirisha litokee kwa hii simu nyingine. Halitatokea. Litakuwa linapiga kelele huko nyumbani na mama anashangaa.

Kama laini ni yenyewe, basi angalia kama umeacha kitu wazi, labda ulikuwa katikati ya kununua bando kwa USSD (zile namba za nyota na reli) au ulibonyeza Deposit mara tatu mfululizo kwa hasira. M-Pesa inashughulikia ombi moja kwa laini moja kwa wakati mmoja, ya pili inagonga ukuta. Funga kila kitu, ngoja dakika mbili tatu, jaribu mara moja tu. Nayo laini ya zamani sana, ile umeitoa simu moja ukaitia nyingine miaka na miaka, inaweza kuwa haipokei STK vizuri; piga *234*1*6# ijisasishe, kisha zima simu uwashe.

Tovuti nyingine hukutupia namba ya kosa bila maelezo, na watu huniletea hizo namba kama za uganga. Maana yake ni hivi: 1037 ni simu haikupatikana au ulichelewa kujibu. 1032 ni wewe mwenyewe ulibonyeza kughairi, au kidole kiligusa. 2001 ni pini umekosea. 1001 ni ile ya muamala mwingine bado unaendelea. Na 1 peke yake ni salio halitoshi, na hapa kumbuka kama kampuni imekuachia wewe ada ya Paybill basi ukiwa na 100 kamili huwezi kulipa 100. Kuna kampuni zinabeba ada hiyo zenyewe na kuna zinazokuachia, usidhani zote ni sawa.

Pini ukiikosea mara tatu M-Pesa inajifunga. Usiendelee kubahatisha, ifungue kwanza kwa Safaricom.

Dirisha likigoma kabisa, lipa kwa mkono: Lipa na M-Pesa, Paybill, namba ya biashara, namba ya akaunti, kiasi, pini. Na hapa ndo tunaingia kwa shida yenyewe.

M-Pesa imekata, meseji ninayo, akaunti ya beti iko vile vile

Ukilipa kwa STK, tovuti ndo imejaza namba ya akaunti, huwezi kuikosea. Ukilipa kwa mkono unaijaza wewe, na wewe una haraka manake mechi inaanza saa kumi na moja. Kampuni nyingine wanataka namba yako ya simu pale kwa akaunti, nyingine wanataka jina la kampuni, nyingine neno fulani tu. Mzee mmoja, fundi wa viatu, alikuja kwangu ameandika namba ya kitambulisho. Nikamuuliza mzee wangu kwa nini kitambulisho, akanijibu "si wameuliza akaunti yangu, na mimi akaunti sina". Alikuwa na haki kabisa. Pesa yake ilikaa kwa Paybill ya kampuni siku mbili haina mwenyewe, mpaka alipowatumia meseji ya M-Pesa nzima wakaiona na kuipandisha.

Kwa hivyo soma ile meseji polepole. Inakwambia umelipa nani na kwa akaunti gani. Jina la kampuni ni lenyewe na akaunti ni sahihi? Basi ni kuchelewa tu. M-Pesa ikishachukua pesa hupeleka taarifa kwa mfumo wa kampuni, na wikendi wakati kila mtu Kenya nzima anaweka pesa dakika kumi kabla ya mechi, ile taarifa hukwama au mfumo wa kampuni unakuwa umelala. Pesa imefika, taarifa haijafika. Ngoja nusu saa. USIRUDIE KULIPA. Hii naiandika kwa herufi kubwa manake ndo kosa linalouma watu zaidi, anaweka 500 haionekani, anaweka 500 nyingine haionekani, anaweka ya tatu, halafu saa mbili usiku zote tatu zinaingia pamoja na mechi imekwisha, na mtu akiwa na 1,500 mbele yake usiku wa Jumamosi unajua mwenyewe hataitoa.

Tovuti nyingi siku hizi zina sehemu ya kubandika namba ya muamala ukaangaliziwa papo hapo, mara nyingi imefichwa chini ya ukurasa wa kuweka pesa. Itafute hiyo kabla ya kukaa kwa foleni ya chati ya kastoma kea. Na ukiandika namba ya muamala kwa mkono jihadhari na sifuri na O, kopi tu.

Akaunti ni ya mtu mwingine, yaani umekosea tarakimu moja ya namba ya simu? Hapo pesa inaweza kuwa imepandia akaunti ya mtu ambaye naye anabeti. Wahi. Kila dakika unayokaa, huyo mtu anadhani Mungu amemkumbuka.

Umelipa kwa Till, ile namba ya malipo ya maduka, badala ya Paybill? Till haiulizi akaunti, kwa hivyo kama hukuulizwa akaunti ujue umepotea njia, umelipa duka fulani. Paybill nyingine kabisa, kwa kukosea tarakimu? Soma jina kwa meseji, hao ndo wa kutafuta. Kutuma meseji ya M-Pesa kwenda 456 kuomba pesa irudishwe kunasaidia zaidi ukiwa umetumia mtu binafsi kimakosa. Kwa Paybill mara nyingi utaambiwa uongee na mwenye Paybill manake yeye ndo wa kukubali. Na tusidanganyane hapa, kuna vijana wanaweka, wanabeti, wanapoteza, halafu wanaomba M-Pesa irudishe kana kwamba walikosea namba. Kampuni inaona saa uliyoweka na saa uliyobeti. Hawarudishi, na akaunti wanaifunga.

Imeingia lakini pungufu

Umeweka 1,000 unaona 950 hivi. Hujaibiwa, ni KRA, watu wa ushuru. Tangu tarehe 1 Julai 2025 ushuru wa beti Kenya umehamia kwa pesa unayoweka: asilimia 5 ya kinachoingia kwa akaunti ya beti. Zamani ilikuwa asilimia 15 ya kila dau, ndo maana maelezo mengi ya zamani mtandaoni yanakwambia utakatwa wakati wa kuweka beti na wewe unaona umekatwa mapema. Upande wa kutoa nako pamebadilika, ile asilimia 20 ya ushindi ilienda, sasa ni asilimia 5 ya unachotoa. Ukitoa 2,000 tarajia 1,900, na kampuni ikiwa na ada yake ya kutuma hapo inashuka tena kidogo.

Piga hesabu ya mtu anayeweka na kutoa kama mchezo. 1,000 inakuwa 950, ukiitoa hiyo 950 inakuwa 902 na senti. Karibu mia imeenda na hujaona hata mpira ukidunda. Kwa hivyo kuitumia akaunti ya beti kama mahali pa kuficha pesa bibi asiione, wapo wanaofanya hivyo wallahi, ni ghali.

Nikitoa inakataa

Ukurasa unaonyesha una 3,400 na ukibonyeza Withdraw unaambiwa salio halitoshi. Angalia vizuri, huenda ni namba mbili zimeandikwa karibu karibu, moja ni pesa taslimu na nyingine ni bonasi. Bonasi si pesa mpaka uizungushe mara kadhaa kwa odi za kiwango fulani, na masharti hayo yako kwa maandishi ambayo hakuna binadamu ameyasoma. Kuna bonasi nyingine ukiikubali inashika hata pesa uliyoweka wewe, mpaka umalize. Mimi ushauri wangu kwa mtu anayependa kutoa pesa yake akitaka ni kuzikataa zote, lakini najua hamsikii.

Pia kampuni nyingi hazikuruhusu kutoa pesa uliyoiweka bila kubeti nayo kwanza. Watu hukasirika ila sababu ipo, bila hilo tovuti ingekuwa mashine ya kufulia pesa chafu.

Jina ni sababu nyingine kubwa. Akaunti ya beti inasema jina moja na laini ya M-Pesa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, ya kaka, ya shangazi, ya mtu aliyekuuzia laini barabarani. Kuweka kulipita kwa sababu kuweka hakuna anayeuliza. Kutoa ndo wanauliza. Hapo hakuna ujanja, utume picha ya kitambulisho na laini iwe yako, na kama huna kitambulisho kwa sababu hujafika miaka 18 basi hiyo akaunti haikupaswa kuwepo na pesa ya ushindi hutaiona.

Halafu kuna mambo madogo: kiwango cha chini cha kutoa hujafikisha, au beti ya mwisho bado haijakamilishwa hata kama mechi imeisha, matokeo huchukua muda kuthibitishwa.

Waliopata kubwa, na wapo wachache sana kuliko mnavyodhani, wana shida yao tamu. M-Pesa haipitishi zaidi ya shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, na akaunti yenyewe haibebi zaidi ya 500,000. Ukiwa umeshinda 600,000 huwezi kuitoa yote kwa mpigo kwa simu, itakuja vipande kwa siku tofauti au ipite benki. Hata ukitoa 200,000 na tayari una 350,000 kwa M-Pesa, itarudi. Hamisha kwanza ya ndani.

Tovuti inasema imelipwa, simu iko kimya

Laini tena. Pesa inatoka kwenda namba iliyosajiliwa kwa akaunti ya beti, hata kama uliweka kwa namba nyingine. Kama akaunti uliifungua na laini ya Airtel, itafute kwa Airtel Money. Kama ile namba uliiacha ikalala muda mrefu mpaka ikapewa mtu mwingine, ongea na kampuni leo si kesho.

Jina nalo linachanganya. Kampuni ikikulipa inaweza kutumia namba na jina tofauti na lile la Paybill uliyolipia, jina la kisheria ambalo hujawahi kulisikia, au la kampuni inayowashughulikia malipo. Mtu anatafuta meseji yenye jina la tovuti haioni, kumbe pesa iliingia jana kwa jina jingine. Tafuta kwa kiasi, usitafute kwa jina.

Na kuna hii ambayo nimeieleza pale dirishani mpaka koo likakauka. Meseji imekuja, umepokea 1,900, salio ni 640. Wapi 1,260? Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa unaokujazia salio likipungua. Ukiwa na deni la Fuliza, pesa yoyote ikiingia kwa M-Pesa inalilipa deni kwanza bila kukuuliza, na meseji ya makato inakuja kivyake, mara nyingi umeifuta bila kusoma. Kampuni ya beti imekulipa yote, usiwatukane. Tanzania wenye Songesha, mkopo kama huo wa kule, mnalijua hili. Wengi waliokuja na hilo lalamiko walikuwa wamekopa Fuliza hiyo hiyo kuwekea beti wiki iliyopita, kwa hivyo ushindi ulilipa deni la kushindwa pamoja na ada za kila siku. Kama umefika mahali unafuliza ili ubeti, tatizo lako halimo kwa mwongozo huu, funga akaunti kwa muda, tovuti zenye leseni zina hiyo sehemu ya kujifungia, na ongea na mtu unayemwamini.

Unaambiwa ulipe kwanza ndo utoe

"Akaunti yako ina 48,000, lipa 1,200 ya kuifungua." "Lipa kodi ya KRA kabla hatujakutumia." "Lipa upandishwe daraja." Hii ndo ile moja ambayo pesa imeliwa kweli. Kodi ya kutoa hukatwa ndani ya pesa yako, hakuna kampuni halali inayokuomba utume nyingine kutoka mfukoni. Ukilipa 1,200 itakuja 2,500, halafu 4,000, mpaka ukauke. Ile 48,000 ni tarakimu tu mtu ameandika kwa skrini.

Dalili utaiona mapema kabisa kama unajua pa kuangalia: ulipoweka pesa ulituma kwa namba ya mtu binafsi, si Paybill, meseji ikasema umetuma kwa fulani bin fulani. Hiyo peke yake inatosha. Wengine wanatoka kwa makundi ya Telegram ya "mechi za uhakika", wanakupa linki ya tovuti, inapendeza kuliko hata zile halali. Ukigundua mapema tuma ile meseji kwa 456 na upige Safaricom saa hiyo hiyo, kabla aliyepokea hajaitoa kwa wakala kama mimi.

Paybill haipo tena

Unalipa, unaambiwa namba haitambuliki. Angalia kwa tovuti kama wamebadilisha. Kama tovuti nayo imenyamaza, huenda ni leseni. Wazee wa kazi wanakumbuka Julai 2019, serikali ilipoagiza Safaricom ifunge Paybill za kampuni 27 ambazo leseni zao hazikuwa zimefanywa upya, watu waliamka pesa ziko ndani na mlango umefungwa. Ndo maana mimi sipendi kuona mtu amelaza elfu ishirini kwa akaunti ya beti "za wiki ijayo". Malalamiko dhidi ya kampuni yalikuwa yanaenda BCLB, bodi ya serikali ya leseni za kamari, na sheria mpya iliyotiwa saini Agosti 2025 inaleta mamlaka nyingine kuchukua nafasi yake, kwa hivyo hakikisha unaandikia iliyoko sasa.

Ukifika kwa kastoma kea, usianze na "nyie wezi". Yule kijana anayejibu ana chati arobaini mbele yake na anajibu kwanza ile ambayo imekamilika. Tuma kila kitu kwa meseji moja, namna hii: "Habari. Nimelipa Sh 500 leo saa 10:42 jioni kwa Paybill yenu kupitia M-Pesa. Namba ya muamala ni hii (bandika). Akaunti niliyoandika ni 07..., akaunti yangu ya beti imesajiliwa kwa 07... Pesa haijaonekana mpaka saa 11:20. Skrinshoti ya meseji ya MPESA hii hapa." Pini usimpe, haitaji. Akikuomba pini, umepigia namba isiyo yao.